Ukuta wa Chumba cha Uyoga

Nimefanya uashi Mji Mkongwe kwa miaka arobaini na mitatu na nimekutana na wajinga wa kila daraja, lakini yule aliyezipiga saruji kuta za chumba cha Bi Saadiya nilimpa nafasi ya kwanza siku ileile nilipoiona kazi yake. Nilimpa bila ya kumjua. Mjinga wa aina ile huna haja ya kumjua, unaitazama kazi yake inatosha.

Bi Saadiya alinifuata mwenyewe nyumbani kwangu Kikwajuni, mwisho wa Disemba, saa nane ya mchana, wakati hata paka wamejificha. Ni mjane wa miaka arobaini na tano hivi, ana mabinti wawili skuli, na anaishi kwa uyoga. Anauotesha katika chumba cha chini cha nyumba aliyoiacha marehemu mumewe, mtaa wa Kajificheni. Mifuko ya nailoni inashindiliwa majani makavu ya mgomba na mbegu, inaning'inizwa kwa kamba kwenye boriti, na uyoga unachomoza ubavuni mwa mfuko. Hoteli mbili zinanunua, na majirani pia. Uyoga wenyewe hauna makuu, unataka unyevu, hewa na ubaridi kidogo. Joto likipita nyuzi thalathini kwa siku kadhaa, basi, mfuko unaota ukungu wa kijani na unatupwa.

"Misimu mitatu ya kaskazi, fundi, nnatupa mifuko," aliniambia. "Masika napata, vuli napata, ikija kaskazi na joto lake yote inakufa. Sasa shemeji yangu kasema ikifa mara hii tena, chumba anakichukua."

Shemeji huyo ni Wakil, kaka wa marehemu. Chumba ni cha urithi na Wakil ana fungu lake ndani, naye alikuwa anakitaka awauzie watalii fulana na vinyago, maana mji huu bado haujashiba fulana na vinyago. Walikubaliana mbele ya jamaa: Ramadhani ikiingia na uyoga ungali unatoka, Wakil ananyamaza na chumba kinabaki kwa Bi Saadiya. Uyoga ukifa, Bi Saadiya anafungua kamba zake na kutoka. Zilikuwa zimebaki wiki tisa.

"Na kwa nini umekuja kwangu?" nilimuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo. Nilitaka tu kulisikia.

"Nlitaka mtu anayezijua zile kuta," alisema.

Nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kabisa, nikamwambia mke wangu alete chai.

Kesho yake nilikwenda. Unaingia kwa mlango mkubwa, unapita uani, kisha unateremka ngazi mbili hadi chumbani. Nje kwenye kichochoro kulikuwa na kivuli na upepo mdogo. Ndani palikuwa moto. Kipimajoto cha Bi Saadiya, kilichotundikwa kwenye msumari, kilisema thelathini na mbili, na ilikuwa bado saa nne ya asubuhi. Niliweka kiganja ukutani. Palikuwa pakavu, pagumu, panateleza. Nikagonga kwa kifundo cha kidole nikasikia sauti ya uwazi ndani.

"Nani kafanya kazi hii?" niliuliza.

"Ya zamani hiyo, fundi. Tulipohamia tuliikuta."

"Bi Saadiya, mtu aliyefanya kazi hii alitakiwa anyang'anywe mwiko wake apewe kijiko, akapakue wali harusini. Huyu si fundi. Huyu ni mtu aliyepita njia akaona ukuta."

Bi Saadiya aliutengeneza mtandio wake. "Labda utamjua," alisema. "Wewe si unawajua mafundi wote wa mji huu."

"Wa namna hii siwajui wala sitaki kuwajua."

Nikamweleza, maana sipendi kufanya kazi kwa mtu asiyejua anachofanyiwa. Ukuta wa mji huu ni jiwe la matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima. Jiwe lile lina vitundu, na chokaa nayo ina vitundu. Ukuta unakunywa unyevu usiku, mchana unautoa pole pole, na kwa kuutoa ule unyevu unapoa, na chumba kinapoa pamoja nao. Kila bibi aliyewahi kuweka maji kwenye mtungi wa udongo anajua kwa nini ni baridi. Paka mtungi huohuo rangi ya mafuta uone kama utapata maji ya baridi. Sasa ukuta wa Bi Saadiya ulikuwa umepigwa lipu ya saruji tupu, inchi nzima, halafu juu yake rangi ya mafuta ya kijani. Juu kabisa, chini ya boriti, palikuwa na alama za matundu mawili ya hewa, moja la kichochoroni na moja la uani, nayo pia yalizibwa kwa saruji. Mjinga yule hakuacha kitu.

Na juu ya ujinga wa zamani kulikuwa na ujinga mpya, wa Wakil. Bi Saadiya alinihadithia bila ya kucheka, mimi nikacheka kwa niaba yake. Msimu wa kwanza Wakil alijidai kusaidia, akaleta kiyoyozi cha mtumba. Kilikausha uyoga ukawa ngozi, na kila kikiwashwa umeme wa nyumba nzima unakatika. Msimu wa pili akaleta feni kubwa, akaielekeza ndani kutoka uani saa sita ya mchana, ikawa inasukuma jua chumbani. Msimu wa tatu akaleta barafu kwenye beseni kutoka soko la samaki. Hoteli moja ilirudisha uyoga kwa sababu ulikuwa unanuka nguru. Na mwaka huu, kabla sijaitwa, alikuwa ameona kitu kwenye simu, akabandika ukuta mmoja mzima karatasi ya fedha inayong'aa, ile ya kufungia chakula. Mtu akiwa na akili hiyo, hana haja ya adui.

Kila fundi wa rika langu aliwahi kushika saruji, sikatai. Mwisho wa miaka ya themanini iliingia mjini kwa wingi na kila mwenye nyumba aliitaka, akidhani ndiyo maendeleo. Mimi niliishika nikaiacha. Wengine wamezeeka nayo, na ukitaka kuwajua tembea Mji Mkongwe baada ya mvua uone lipu zilizoanguka.

Tulianza juma la kwanza la Januari. Mifuko mia na arobaini tuliihamishia chini ya ngazi, ikafunikwa magunia mabichi, na Bi Saadiya akawa anayarowesha magunia yale kila baada ya saa moja, kutwa. Pale palikuwa na joto la thelathini au karibu yake. Mifuko ingeweza kuvumilia wiki tatu, labda nne, si zaidi. Kwa hiyo nilitakiwa nibandue, nipige chokaa, na niuache ukuta ukae vizuri kabla ya mifuko kuharibika. Chokaa nilikuwa nayo, imelowekwa shimoni kwangu tangu mfungo uliopita. Chokaa ya siku mbili wanatumia watu kama yule mjinga.

"Ile rafu ya pembeni iwache mwisho," Bi Saadiya aliniambia siku ya kwanza. "Ina vitu vyangu."

Siku mbili nilibandua kwa nyundo na patasi. Saruji iliondoka vipande vikubwa, na nyuma yake jiwe lilikuwa limerowa na kuota chumvi, miaka yote ile halikupata pa kupumulia. Kila kipande kilichoanguka nilikuwa na neno lake. Bi Saadiya aliketi mlangoni akichambua majani ya mgomba, akinisikiliza. Nilimwambia mtu yule lazima alifundishwa na mpika maandazi. Nilimwambia namwonea huruma mama yake. Alikuwa anaitikia "Eee" na "Kweli, fundi," na mimi nikawa naona kazi inakwenda.

Wakil alikuja siku ya pili kwa Vespa yake, akasimama mlangoni na miwani ya jua usoni, ndani ya chumba kisicho na taa.

"Fundi, yakhe, unavunja mali ya watu," alisema. "Saruji ndo ngumu. Chokaa mambo ya wazee."

"Ngumu kama kichwa cha aliyeipaka," nilimjibu. "Na cha anayeitetea."

"Ramadhani si mbali," alimwambia shemeji yake, akaondoka. Kwenye sakafu ya uani aliacha alama ya tairi, Bi Saadiya akaipiga maji.

Siku ya tatu nilifika ukuta wa nyuma, ule wa mkabala na uani. Nilipobandua katikati niliona mstari wa kusimama kutoka sakafuni, na hatua tatu kando yake mstari mwingine, na juu yake mti wa kizingiti. Ulikuwa mlango, nao ulizibwa baadaye na mtu mwingine akapiga saruji juu yake. Zamani chumba kile kiliingiliwa kwa kichochoro cha nyuma, si kwa uani.

Nilisimama na patasi mkononi. Kichochoro cha nyuma nilikijua. Nilijua kuwa nje ya mlango ule kuna baraza fupi iliyokatika pembe, kwa sababu mimi niliwahi kukaa juu yake nikila muhogo, mchana baada ya mchana, mwaka mmoja wa zamani, nikimfanyia kazi mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa na ghala lake hapo. Alikuwa anataka ghala safi, lisilomwaga chokaa kwenye vitambaa vyake. Nikamwambia nina dawa.

Rafu ya pembeni niliisogeza mwenyewe, sikumngoja Bi Saadiya. Nyuma yake, shibiri mbili kutoka sakafuni, chini ya rangi ya kijani, palikuwa na herufi zilizochorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Wakati ule tulikuwa na fahari hiyo, kila aliyepiga saruji aliandika jina lake, ili aliyekuja baadaye ajue. Zilikuwa herufi kubwa, nzuri, zimenyooka kwa timazi. HAROUB 1989. Jina langu.

Nikamkumbuka baba yangu. Alikuja siku ile kuitazama kazi, yeye ndiye aliyenifundisha chokaa. Aliweka kiganja ukutani, akakaa kidogo, akatoka bila ya kusema neno. Miaka yote nilidhani imempendeza.

Nilisikia aibu ikipanda kutoka miguuni. Misimu mitatu mwanamke huyu ametupa mifuko, mabinti zake wamevaa sare za mwaka juzi, na mpumbavu mwenye miwani amepata mdomo wa kudai chumba, kwa sababu ya dawa yangu. Na mimi nimekaa humu siku tatu namtukana mama yangu mwenyewe.

Unadhani nilifanya nini? Nilichungulia mlangoni. Bi Saadiya alikuwa chini ya ngazi anarowesha magunia. Nikaweka patasi kwenye H nikapiga, nikapiga tena, na kwa mapigo sita au saba Haroub aliondoka pamoja na mwaka wake. Vipande nilivikanyaga mpaka vikawa vumbi. Kisha nikachukua ufagio nikafagia, mimi ambaye katika miaka arobaini na mitatu sijawahi kufagia kwa mtu.

"Umefagia, fundi?" Bi Saadiya aliuliza aliporudi.

"Vumbi halifai kwa uyoga."

"Kweli," alisema. Aliitazama rafu niliyoisogeza, akaenda kuteka maji mengine.

Mtu mwenye haya angenyamaza tangu hapo. Mimi nilizidisha. Kazi iliyobaki niliifanya nikimtukana mjinga wa saruji kwa sauti ya juu kuliko mwanzo, ili asije mtu akashuku, na nilikuwa nikijisikia mwenyewe ninavyosema na kujidharau. Lakini mkono ulifanya kazi. Matundu mawili ya juu niliyafungua nikayawekea wavu wa mbu. Kuta nilizisugua chumvi, nikazinywesha maji siku mbili, nikapiga chokaa na mchanga kwa tabaka tatu nyembamba, na kila tabaka nililingoja. Nililala saa nne tu kwa siku. Mifuko ishirini na moja iliota kijani chini ya ngazi, na kila Bi Saadiya alipopita na mfuko mmoja mkononi kwenda kuutupa nilijua anatupa kwa hesabu yangu.

Wiki ya mwisho ya Januari mifuko iliyobaki ilirudi kwenye boriti. Nilimwachia Bi Saadiya masharti, na hayakuwa mengi. Baada ya sala ya alfajiri fungua madirisha na mlango, acha hewa ya kichochoroni ipite itoke uani. Ikifika saa mbili na nusu funga kila kitu isipokuwa matundu ya juu. Mwaga maji ukutani kwa kata, si kwa mpira, na sakafuni tandaza mchanga uwe mbichi. Usifungue tena mpaka baada ya alasiri, hata akija nani. Watu wa mji huu wakisikia joto wanafungua milango saa sita wakaribishe jua, halafu wanalalamika limeingia.

Katikati ya Februari ilikuja wiki ambayo mji mzima ulikuwa unapumua kwa mdomo. Siku ya Jumatano Wakil aliwaleta jamaa wawili, wale waliokuwa mashahidi wa makubaliano, washuhudie mwisho. Alichagua saa tisa ya mchana, hodari wa kuchagua. Bi Saadiya alinitumia ujumbe nami nikaenda. Kipimajoto cha pili, kilichotundikwa uani, kilisema thelathini na nne. Bi Saadiya alifungua mlango wa chumba upana wa mtu mmoja, tukaingia, akafunga.

Ubaridi ulitupokea miguuni kwanza. Ukuta ulikuwa mweupe, na chini ulikuwa na kivuli cha maji. Uyoga ulikuwa umejaa ubavuni mwa mifuko, mkubwa wa kiganja, unashuka tabaka kwa tabaka. Wakil alikisogelea kipimajoto cha ndani, akavua miwani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ishirini na saba. Akakigonga kwa ukucha. Ishirini na saba.

"Mie nlisema tangu zamani," aliwaambia wale jamaa, "chumba hiki kikipata maji kitapoa. Si nlileta barafu mie?"

Jamaa mmoja, mzee mfupi wa Mkokotoni, alimgeukia. "Barafu ya samaki," alisema. "Wakil, twende zetu. Ramadhani itaukuta uyoga huu hapahapa."

Wakil aliniangalia kana kwamba mimi ndiye ningempa neno la kutokea. Nilikuwa nayo mengi, lakini hakuna hata moja nililoona nina haki nalo. Akapanda ngazi mbili, akajikwaa kwenye ya pili, tukaisikia Vespa ikikataa kuwaka.

Tulibaki mimi na Bi Saadiya. Alitia mkono mfukoni mwa aproni yake akatoa msumari mrefu, wa inchi nne, akanipa.

"Andika, fundi."

"Niandike nini?"

"Jina lako na mwaka. Chokaa si bado laini?"

Ilikuwa bado laini, chokaa huchukua miezi kushika hadi ndani, na msumari unaingia. Nikamwambia sisi watu wa chokaa hatuna mtindo wa kuandika majina.

"Wa saruji uliandika," alisema.

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mfuko mmoja. Bi Saadiya hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Ulijua?"

"Tangu mwaka jana, nliposogeza rafu. Nkauliza huku na kule nani Haroub, fundi, wa miaka hiyo. Wakanambia yupo Kikwajuni, siku hizi anawatukana watu wa saruji." Alichuma uyoga uliokuwa umepitiliza, akauweka kwenye ungo. "Mafundi wa chokaa mjini wapo wengine, tena wasiosema sana. Lakini nkaona deni la chumba hiki anaedaiwa ni mmoja."

"Na ukaniacha nikatukana siku zote zile?"

"Kila ukimtukana ulikuwa unabandua vizuri," alisema. "Nkaona nisikukatize."

Mimi, Haroub, ambaye sijawahi kukosa la kusema juu ya kazi ya mtu, nilisimama katika chumba cha baridi huku jasho likinitoka. Mwisho nilimwomba radhi. Yalitoka maneno mawili matatu, kwa sauti ndogo, na hayakutosha, na yeye hakunisaidia kuyamaliza.

Nikaichukua rafu ya pembeni nikaisogeza. Nikachuchumaa palepale pa zamani, shibiri mbili kutoka sakafuni, nikaanza kuchora H kwa herufi ndogo.

"Sio hapo, fundi," Bi Saadiya alisema. "Hapo rafu itaziba. Njoo uandike hapa mlangoni, ili Wakil akija asome."

Nikasimama, nikaenda mlangoni, nikaandika.